Hariri iliyopakwa rangi kwa mkono: Kabla ya kumlaumu mama fua, soma hapa

Sema ukweli. Ukienda kununua nguo huwa unauliza nini? Bei. Saizi. Labda kama kuna rangi nyingine. Ukishatuma pesa kwa M-Pesa na ujumbe ukaingia, mambo yamekwisha. Hakuna anayesimama pale dukani na kuuliza, "Na hii inafuliwaje?"

Kwa jinzi na tisheti za mitumba, sawa. Hizo hata ukizipiga kwenye jiwe zitavumilia. Shida ni ile nguo moja ya maana uliyoinunua kwa ajili ya ayie ya dadako kule Rongo, au mahafali ya rafiki yako Homa Bay. Gauni la hariri, maua na samaki wamechorwa kwa brashi, na hakuna jingine kama hilo popote kwa sababu mkono haurudii mstari ule ule mara mbili. Huku kwetu nyadhi si mchezo. Ulivaa, ukapigwa picha, ukarudi nyumbani na jasho kwapani na tone la mchuzi wa ngege kifuani.

Jumamosi mama fua anafika. Gauni linaingia kwenye karai moja na mashati: sabuni ya unga, maji ya kisima, nusu saa ya kuloweka. Linakamuliwa, linaanikwa kwenye jua la saa saba. Jioni unaanua kitu kingine kabisa. Buluu imeingia kwenye nyeupe, kitambaa kimekakamaa, na samaki wako wamekuwa mawingu. Halafu unamgeukia mama fua na kumkata pesa.

Usifanye hivyo. Mara nyingi nguo kama hiyo huanza kuharibika kabla haijagusa maji: pale rangi ilipoachwa bila kufungwa sawasawa, na pale muuzaji alipokupa mfuko bila neno lolote. Ukiwa na maelezo, kuifua si kazi kubwa. Dakika kumi zinatosha.

Hariri ni jamaa wa nywele zako

Pamba hutoka kwenye mmea. Hariri hutoka kwa mdudu. Kiwavi wa nondo hujizungushia uzi mwembamba akatengeneza kifukofuko, na kifukofuko kimoja kinaweza kutoa uzi wa mita mia kadhaa bila kukatika. Uzi huo ni protini, sawa na nywele, kucha na sufu.

Usidhani haya ni mambo ya Uchina peke yake. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kina kambi yake pale Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Wengi huku wanakifahamu kwa kilimo cha kufukuza viwavi waharibifu wa mahindi. Lakini icipe hiyo hiyo imefanya kazi na wakulima wa hariri nchini, wakiwemo wa Mwingi na wale wanaoishi kandokando ya msitu wa Kakamega, ambako kuna nondo wa porini wanaotoa hariri. Kwa hivyo hariri ni kitu cha hapa pia.

Sasa kumbuka rilaksa. Yeyote aliyewahi kupakwa kichwani na ikakaa zaidi ya muda wake anajua inavyochoma na inavyokata nywele. Rilaksa nyingi zina alkali kali, na alkali huvunja protini. Ukoo huo wa alkali ndio wenye magadi, na pia maji ya majivu ambayo wapishi wengi wa huku hulainishia apoth na mboga nyingine za kienyeji. Ndiyo hali ya maji ya Simbi Nyaima, lile ziwa la kreta karibu na Kendu Bay ambalo hadithi husema lilimeza kijiji kizima kwa sababu ya kumnyima mgeni mahali pa kulala. Heroe hupenda maji yale. Hariri yako haiyapendi hata kidogo.

Sabuni nyingi za unga nazo ni za alkali. Tena baadhi zimewekewa vimeng'enya vya kula protini, kwa sababu kazi yake ni kutoa madoa ya damu, maziwa na mayai. Vimeng'enya havijui tofauti kati ya doa la yai na gauni lako. Vinakula vyote viwili, polepole, kila unapofua.

Na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi tunaiita Jik hata chupa ikiwa na jina lingine? Iache mbali kabisa. Hiyo haitoi rangi tu. Huyeyusha uzi wenyewe wa hariri, ukabaki na tundu mahali palipokuwa na doa.

Rangi inakaaje pale?

Hapa ndipo siri ilipo. Mtu akikuambia nguo imepakwa rangi kwa mkono, bado hajakuambia kitu. Kuna njia kadhaa, na kila moja ina tabia yake kwenye maji.

Ya kwanza ni rangi ya kuvukishwa. Fundi huchora kwa brashi, rangi inanyonywa na uzi, kisha kitambaa kinafungwa kwenye karatasi na kuwekwa juu ya mvuke wa maji yanayochemka, saa moja hadi tatu kutegemea rangi na wingi wa kitambaa. Mvuke ndio unaoifunga rangi ndani ya uzi. Baada ya hapo husuuzwa mpaka maji yatoke safi. Ikifanywa vizuri, hariri hubaki laini kama ilivyokuwa, na rangi haitoki ovyo.

Ya pili ni rangi ya kupigwa pasi. Hii hukaa juu ya uzi badala ya kuingia ndani, na joto la pasi ndilo linaloishikisha. Ukiigusa, sehemu iliyopakwa huwa ngumu kidogo kuliko sehemu tupu. Huvumilia maji, lakini ukiisugua hubanduka kama rangi ya ukuta.

Ya tatu ni batiki. Fundi huweka nta moto pale asipotaka rangi iingie, anatia rangi, kisha anaiondoa nta. Batiki na tai-dai nyingi utakazopata sokoni zimetengenezwa kwa pamba, na mafundi wengi nchini hutumia rangi zinazochanganywa na magadi makali, yaani kostiki soda, pamoja na haidrosi. Kwa pamba hiyo ni sawa. Lakini mtu akichukua mapishi hayo ya pamba na kuyamwaga juu ya hariri, ameidhoofisha kabla hujaivaa.

Kisha kuna ile mistari inayozunguka michoro ili rangi mbili zisigusane. Mingi huchorwa kwa kitu kama gundi kinachoitwa guta. Kuna guta ya maji, ambayo isiposhikishwa kwa joto hutoka kwenye maji. Na kuna guta nyingine ambayo maji hayaiwezi lakini dawa za drai klina huiyeyusha. Umeona mtego ulipo? Wale wanaosema "peleka tu drai klina" huenda wanakuambia ukafute mistari yote ya dhahabu kwenye nguo yako.

Ndiyo maana fundi peke yake ndiye anayejua jibu. Mama fua hawezi kulikisia kwa kuangalia. Wewe pia huwezi.

Kwanza, hakikisha ni hariri

Kabla hujaanza kubembeleza nguo, jua ni nini. Sokoni, kila kitu kinachong'aa na kuteleza huitwa "silki". Kingi ni poliesta. Si dhambi kuvaa poliesta, lakini usilipie bei ya hariri.

Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye upindo wa ndani, zishike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani, uwashe kiberiti. Hariri huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika ukiligusa. Poliesta huyeyuka, hunuka kama plastiki, na huacha punje ngumu. Pamba huungua haraka na kunuka kama karatasi. Fanya hivyo nje, mbali na nguo yenyewe, na usifanye kwenye nguo ambayo hujailipia.

Kisha pima rangi. Chukua kitambaa cheupe, kilowe kidogo kwa maji baridi, ukibonyeze kwenye kona ya ndani ya nguo kwa muda kama wa kuhesabu hadi thelathini. Fanya hivyo kwa kila rangi kali: nyekundu, buluu, nyeusi. Kikibaki cheupe, songa mbele. Kikipata rangi kidogo tu, fua nguo hiyo peke yake na kwa haraka. Kikipata rangi nyingi, simama hapo. Rangi haijafungwa. Irudishe kwa fundi.

"Lakini shosho alisema niloweke kwa chumvi." Wengi tumelelewa na huo ushauri. Chumvi husaidia aina fulani za rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi, kwenye sufuria ya fundi. Nguo ikishamalizika, chumvi haina uwezo wa kufunga rangi ambayo fundi hakuifunga. Siki nayo ni hivyo hivyo. Ina kazi yake kwenye hariri, tutaifikia, lakini si gundi ya rangi.

Maji ya wapi?

Migori na Homa Bay tuna maji ya kila namna, na hayafanani kwenye karai.

Maji ya visima virefu mahali pengi yana chumvi. Unayajua: sabuni inagoma kutoa povu, na sufuria inajijenga ukoko mweupe ndani. Madini hayo hushikana na sabuni, yakaacha utando juu ya nguo. Kwenye hariri utando huo unaondoa mng'ao, na kitambaa hukakamaa.

Maji ya ziwani au ya mto Kuja yanaweza kuwa na matope na mimea, hasa baada ya mvua. Chembe za udongo hukwaruza uzi mwembamba. Na kuna jambo zito kuliko nguo: kusimama ndani ya Ziwa Victoria ukifua ni kujiweka kwenye hatari ya kichocho, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea vyake wanaishi kwenye maji ya kando. Hakuna gauni lenye thamani hiyo.

Maji bora kabisa kwa hariri ni ya bure: maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Ni laini, yanatoa povu kwa sabuni kidogo, na hayaachi utando. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye paa, kisha kinga inayofuata. Jaza mtungi mmoja ufunike. 

Dakika kumi za kazi

Vua pete na bangili. Kata kucha iliyochongoka, kwa sababu hariri hunasa kwa urahisi. Kisha:

Weka lita tano hivi za maji baridi kwenye beseni safi. Nasema beseni, si lile karai la bati lenye kutu, maana doa la kutu kwenye hariri halina dawa rahisi. Tia kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya watoto, au sabuni ya maji isiyo kali. Koroga mpaka iyeyuke yote kabla ya kuingiza nguo.

Tumbukiza nguo moja peke yake. Ipeleke huku na huku taratibu kwa viganja, kama unavyomwogesha mtoto mchanga. Dakika mbili au tatu, basi. Usiloweke. Usisugue. Usitumie brashi. Hariri ikilowa hupungua nguvu, kwa hivyo msuguo ambao ingeuvumilia ikiwa kavu unaweza kuichana ikiwa mbichi.

Suuza kwa maji baridi mengi mpaka povu liishe. Kwenye maji ya mwisho unaweza kutia kijiko kimoja cha siki nyeupe. Hii ndiyo kazi yake: siki ni asidi nyepesi, inaondoa mabaki ya alkali ya sabuni na kurudisha mng'ao. Pima kwanza kwenye kona, kisha suuza tena kidogo harufu iondoke.

Usikamue. Tandaza taulo nyeupe, laza nguo juu yake, uzikunje pamoja kama chapati, ubonyeze. Taulo itanyonya maji. Kunjua mara moja.

Na rangi ikianza kutoka katikati ya kazi? Usiingiwe na hofu ukaiacha kwenye beseni ukienda kutafuta simu. Rangi huingia pengine pale nguo inapolala juu yake yenyewe ikiwa mbichi. Endelea kusuuza kwa maji baridi mengi, badilisha maji, ifanye nguo isogee muda wote mpaka maji yawe safi. Kisha taulo, kisha uilaze bapa bila sehemu kukunjamana juu ya nyingine. Kitakachofanya nguo iokoke ni maji mengi na mwendo.

Jua, ua na pasi

Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Homa Bay na Migori zote ziko ndani ya nyuzi mbili tu kusini mwake. Jua letu la mchana hukausha omena kwa siku moja, sasa fikiria linafanya nini kwa rangi. Mwanga mkali huchujua rangi, hufanya hariri nyeupe kuwa ya manjano, na hudhoofisha uzi. Anika kivulini, penye upepo, kwenye hanga pana au juu ya taulo kwenye meza. Igeuze, ndani iwe nje.

Usiitundike kwenye seng'enge. Hata bila kunasa, kutu inatosha. Na usiitandaze juu ya ua wa ojuok. Tawi likivunjika hutoa utomvu mweupe unaochoma ngozi na macho na kuacha doa linalong'ang'ania. Vumbi la barabara nalo si la kupuuzwa. Kama unakaa kando ya barabara kuu ya kwenda Isebania, anika upande wa nyuma.

Pasi: nguo ikiwa bado na unyevu kidogo, upande wa ndani, moto mdogo, na kitambaa cha pamba kati ya pasi na hariri. Ya umeme ina alama ya hariri, itumie. Ya makaa haina kipimo, kwa hivyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha pamba nyeupe, na ikiacha hata kivuli cha kahawia, subiri ipoe. Kung'uta majivu kabla ya kuanza. Usinyunyize matone ya maji juu ya hariri kavu, kwa maana hubaki na duara za maji ambazo hazitoki mpaka ufue tena nguo nzima.

Duara hizo ndizo sababu ya kutokukimbilia maji ukimwagikiwa na mchuzi. Mafuta yakidondoka, bonyeza kwa karatasi shashi, usisugue. Ukifika nyumbani nyunyiza poda ya watoto juu ya doa, iache usiku kucha inyonye mafuta, asubuhi ipanguse taratibu. Likibaki kidogo, fua nguo yote, siyo doa peke yake.

Manukato na diodoranti zitangulie, zikauke, ndipo uvae. Spirti iliyomo inaweza kuyeyusha rangi au kuacha doa. Na jasho usiliache likae wiki nzima kabatini. Hula rangi kwapani taratibu.

Ukimaliza, ihifadhi ikiwa safi na kavu kabisa. Mende na nondo wa nguo hupenda protini, zaidi ikiwa na jasho na chakula. Ifunge kwa leso kuukuu au foronya ya pamba ili ipumue. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na msimu wa mvua ndefu kuanzia Machi utakuletea ukungu. Ifungue mara moja moja na kuikunja mahali tofauti, vinginevyo mikunjo hugeuka kuwa mipasuko.

Turudi kwa mama fua

Sasa hesabu na mimi. Tuseme gauni lilikugharimu 4,000. Tuseme mama fua mmekubaliana 500 kwa siku. Ukisema atalipa, umemwambia afanye kazi siku nane bure, kwa sababu ya kitu ambacho wewe mwenye nguo hukujua, muuzaji hakusema, na hakuna kibandiko kilichoandika. Siku nane ni unga, ni karo, ni nauli.

Kuna sheria pia. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Kwa mali iliyoharibika, kinazungumzia kiasi cha haki, na uharibifu uliotokana na kosa la kukusudia la mfanyakazi. Kukusudia. Mtu aliyefua gauni kama alivyofua nguo zako zote mwaka mzima, bila kuambiwa lolote, hakukusudia kitu. Hata pale makato yanaporuhusiwa, jumla yake haitakiwi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kumwambia "wiki hii hupati kitu" hakupo popote kwenye sheria hiyo.

Kama unataka mama fua akufulie hariri, mwonyeshe. Itoe kwenye rundo kabla hajaanza, mpe beseni, shampuu na maji ya mvua, na umlipe kitu juu kwa kazi ya uangalifu. Kama huna muda wa kumwonyesha, ifue mwenyewe. Tumekubaliana ni dakika kumi.

Swali la kumuuliza muuzaji

Mzigo uende panapostahili. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na habari anazohitaji ili azifaidi kikamilifu. Hakikusema ni kwa wateja wa maduka makubwa ya Nairobi pekee. Kinakuhusu hata ukinunua kibandani Migori au kwa kijana anayeuza kupitia simu kutoka Mbita.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, uliza mambo matatu. Moja: hiki ni kitambaa gani? Mbili: rangi imefungwaje, kwa mvuke, kwa pasi, au vipi? Tatu, na hili ndilo kubwa: wewe mwenyewe umeshaifua nguo kama hii, na naweza kuiona? Fundi anayejiamini atakutolea skafu yake ya zamani iliyofuliwa mara kumi. Anayebabaika, mshukuru uende zako. Kuuliza si ujinga.

Na kama wewe ndiye fundi, umejifunza kwa video na mikono yako, unachora usiku na kuuza mchana, sikia hili kama la rafiki. Mteja mmoja ambaye nguo yake ilichujuka hatakupigia simu kulalamika. Atawaambia wenzake, na utashangaa oda zimepotelea wapi. Fua kipande kimoja cha kila rangi unayotumia kabla hujaiuza. Kisha kata kadi ndogo, itoboe, uifunge kwa uzi kwenye kila nguo. Maneno haya yanatosha:

"Hariri. Imepakwa kwa brashi, imefungwa kwa mvuke. Fua peke yake kwa mikono, maji baridi, shampuu kidogo. Usiloweke, usikamue, usitie Jik. Anika kivulini. Pasi ndani, moto mdogo. Rangi ikitoka, nipigie."

Andika kulingana na kazi yako. Kama umetumia pasi, sema pasi. Kama guta yako haiwezi drai klina, sema hivyo kwa herufi kubwa. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yatakayokugharimu zaidi kuandika, maana yanamaanisha utapokea simu. Lakini ukiweza kuyaandika bila kutetemeka, ujue nguo yako imeiva, iuze kwa bei yake.

Nawe mnunuzi, kadi hiyo usiitupe na mfuko. Ibandike kwenye mlango wa kabati, mahali ambapo mama fua ataiona kabla hajafungua maji. Kama hana muda wa kusoma, msomee.